JIKO LA MIKROONDE: LINAVUJA NINI, NA LINASUMBUA NANI?



Katika sanduku la maswali la komite yetu tulikuta maswali matatu juu ya kitu kimoja, lile jiko la mikroonde la chumba cha walimu, ambalo wengine wanaita maikrowevu. La kwanza linasema: "Ni kweli ile jiko inachomaka watu ndani ya mwili hata kama hawaigusi?" La pili: "Juu ya nini intaneti ya sekretari inakatika kila saa sita, wakati walimu wanapasha chakula?" La tatu: "Jiko la zamani lililokufa, liko tu ndani ya depo. Tunaweza kulifungua tutoe transfoma yake?"

Tungeweza kungojea mwezi ujao. Lakini swali la tatu ni la hatari. Na kwa swali la kwanza, maneno yameanza kutembea: wengine hawataki kupita karibu na dirisha la walimu, na mama mmoja mwenye mimba ameambiwa asikanyage pale. Kwa hiyo tumeketi pamoja na mwalimu wa fizike, tukaandika somo hili. Mulisome polepole, na kalamu mkononi, kwa maana kuna hesabu ndogo ndogo.

1. MIKROONDE NI NINI?

Mikroonde ni mawimbi ya redio. Ni ndugu wa mawimbi yanayotuletea habari na nyimbo, lakini yanatikisika mbio zaidi. Ndani ya jiko kuna chombo kinachoitwa magnetroni, ndicho kinachotengeneza mawimbi hayo. Katika majiko ya nyumbani mawimbi yanatikisika mara milioni 2,450 kwa sekunde moja, ni kusema 2,450 MHz.

Urefu wa wimbi moja tunaupata kwa kugawanya mwendo wa mwangaza kwa hesabu ya mitikisiko:

mita 300,000,000 : 2,450,000,000 = mita 0.122, ni kusema karibu sentimita 12.

Shikeni hesabu hiyo ya sentimita 12, tutairudia.

Magnetroni yenye nguvu ilifanywa mwaka 1940 na John Randall na Harry Boot, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Haikuwa kwa ajili ya chakula. Ilikuwa ya rada, wakati wa vita. Mwaka 1945, Percy Spencer, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Raytheon huko Marekani, aliona kwamba mawimbi hayo yanapasha chakula moto. Jiko la kwanza la kuuzwa lilitoka mwaka 1947. Lilikuwa refu kama mtu mzima, na uzito wake karibu kilo 340. Hilo la kwetu mtu mmoja analibeba peke yake.

Mawimbi yanaingia katika chakula kwa sentimita chache na kutikisa vipande vidogo sana vya maji vilivyomo. Mtikisiko huo unakuwa joto. Jiko likizimika mawimbi yanakwisha palepale, sawasawa na mwangaza wa taa ukizima taa. Chakula kinabaki na joto tu. Hakiweki mionzi ndani yake.

2. NENO "MIONZI" LINA JAMAA KUBWA

Katika inchi yetu neno "mionzi" linatisha, na si bure. Uranium iliyotoka Shinkolobwe, kule Katanga, ilitumiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Basi mtu akisikia kwamba jiko linatoa mionzi, anafikiri mara moja Shinkolobwe na Hiroshima.

Lakini mionzi iko ya ginsi mbili. Ginsi ya kwanza ina nguvu ya kung'oa elektroni ndani ya atomu na kuvunja vitu vilivyo ndani ya mwili wetu. Ndiyo mionzi ya uranium, na ile ya mashine ya kupiga picha ya mifupa hospitalini. Ginsi ya pili haiwezi kung'oa elektroni: inatikisa na kupasha joto tu. Katika ginsi hii mko mawimbi ya redio, mikroonde, na mwangaza wa taa.

Tofauti yao ni kubwa ajabu. Nguvu ya mionzi inakuja kwa vipande vidogo vidogo. Kung'oa elektroni moja kunaomba kipande cha karibu eV 10. Kipande kimoja cha mikroonde ya jiko kina karibu eV 0.00001. Kinapunguka mara milioni moja! Ni kama kutupia embe mtini punje za mchanga: hata ukitupa karai nzima, embe halianguki.

Je, ni kusema mikroonde haina hatari yoyote? Hapana. Ikiwa nyingi, inapasha joto, na joto linachoma. Nyama ndani ya jiko inaiva, na mkono nao ni nyama. Sehemu za mwili ambazo damu haipiti nyingi kuondoa joto, kama lensi ya jicho, ndizo zinaumia upesi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: inavuja kiasi gani?

3. NAMNA JIKO LINAVYOFUNGWA

Jiko ni sanduku la chuma, na mawimbi hayapiti chuma, yanarudishwa ndani. Mutauliza: na kile kioo cha mlango tunachotazamia chakula? Angalieni vizuri: nyuma ya kioo kuna bati lenye matundu madogo, yenye upana wa milimita moja au mbili. Wimbi lenye urefu wa sentimita 12 haliwezi kupenya matundu hayo. Mwangaza, ambao wimbi lake ni fupi sana, unapita bila shida. Ni kama chandarua: upepo unapita, mbu anabaki inje.

Kuzunguka mlango kuna mfereji uliopimwa kwa hesabu ya wimbi, karibu robo ya sentimita 12, kusudi wimbi linalotaka kutokea pembeni lirudishwe. Tena kuna viswichi vilivyofichwa katika mlango. Mlango ukifunguliwa, hivyo vinakata umeme wa magnetroni. Kama kimoja kikiharibika, kingine kinashika kazi.

Hata hivyo, hakuna mlango unaofunga kabisa kabisa. Kidogo kinavuja. Ndiyo sababu sheria zimewekwa. Huko Marekani, tangu mwaka 1971, jiko jipya halina ruhusa kuvuja kupita miliwati 1 kwa sentimita mraba moja, ukipima kwa umbali wa sentimita 5. Na katika maisha yake yote lisipite miliwati 5.

4. TUPIGE HESABU

Tuchukue jiko lililozeeka, linalovuja hadi mwisho wa sheria: miliwati 5 kwa sentimita mraba moja, kwa umbali wa sentimita 5. Mawimbi yakitoka katika fasi ndogo yanatawanyika. Umbali ukizidi mara 2, nguvu inapunguka mara 4. Umbali ukizidi mara 10, nguvu inapunguka mara 100. Basi:

- kwa sentimita 5: miliwati 5
- kwa sentimita 50: miliwati 0.05
- kwa mita 5: miliwati 0.0005

Kwa kulinganisha, jua la saa sita mchana, mbingu zikiwa wazi, linatupa karibu miliwati 100 juu ya kila sentimita mraba ya ngozi yetu. Si sawasawa kabisa, kwa maana joto la jua linaishia juu ya ngozi na mikroonde inaingia ndani kidogo. Ndiyo sababu sheria imeweka kipimo chini sana. Lakini mtu aliyesimama hatua moja kutoka jiko zima anapokea kidogo kabisa, na aliye inje ya dirisha anapokea kidogo kupita huyo.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: jiko lenye mlango mzima halichomi mtu anayepita. Mama mwenye mimba anaweza kuingia katika chumba cha walimu na kuketi kwa amani. Watu wengi wanaoumizwa na jiko hili wanaungua kwa chakula cha moto, sahani ya moto, au maji yanayoruka wakati wa kuyatoa.

5. BASI, JUU YA NINI INTANETI INAKATIKA?

Hapa njo wengi wanapotea. Wanasema: "Kama inaweza kuua intaneti, itashindwa namna gani kuua mtu?" Neno hilo linaonekana kuwa na akili, lakini tulipime.

Waifai nayo inatumia mawimbi ya karibu 2,400 MHz, ndiyo jamaa ileile. Si ajali. Mwaka 1947 mataifa yalipatana kwamba fasi ile kati ya 2,400 na 2,500 MHz iachwe kwa vyombo vya kazi, vya sayansi na vya uganga, kama hilo jiko. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu redio ndogo zisizo na leseni zitumie fasi hiyo pia, na kanuni ya kwanza ya waifai ilitoka mwaka 1997. Ni kusema waifai ilikuja kujenga nyumba katika kiwanja ambamo jiko lilikuwa linakaa tayari. Bluetooth pia inakaa mulemule.

Sasa, chombo cha waifai kina sikio kali sana. Kinaweza kufanya kazi vizuri na miliwati 0.0000001 tu. Tulikwisha kuona kwamba jiko lile la zamani, kwa umbali wa mita 5, linatupa miliwati 0.0005 kwa kila sentimita mraba. Antena ndogo inakusanya kama ya sentimita mraba 10, basi inapokea miliwati 0.005. Gawanyeni:

0.005 : 0.0000001 = 50,000

Kelele ya jiko inapita sauti ya waifai mara 50,000! Jiko zuri linavuja kidogo zaidi. Lakini hata likivuja sehemu moja tu ya mia ya kipimo hicho, bado kelele inapita mara 500. Kwa mwili wa mtu ni kama hakuna kitu. Kwa sikio la waifai ni kama ngoma iliyopigwa karibu na mtu anayenong'ona.

Jambo lingine: mara nyingi intaneti haifi kabisa, inatembea polepole. Majiko yenye transfoma nzito yanatoa mawimbi katika nusu moja ya kila mtikisiko wa umeme. Umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde. Jiko linapiga kelele kwa sehemu 10 za elfu za sekunde, kiisha linanyamaza kwa sehemu 10, na linaanza tena. Katika kule kunyamaza, waifai inapitisha maneno machache.

Siku ya Alhamisi, mwalimu akiwa pamoja nasi, tuliweka bilauri ya maji ndani ya jiko na kuliwasha. Ruta ikiwa juu ya kabati karibu na jiko, ukurasa haukufunguka katika simu zetu. Tulipoihamishia ofisini, nyuma ya ukuta, ukurasa ulifunguka, ijapokuwa polepole. Tulipounga kompyuta ya sekretari kwa waya, jiko halikuisumbua tena. Kwa vyombo vipya kuna njia ingine: kuchagua waifai ya 5 GHz, ambayo iko mbali na mawimbi ya jiko.

6. KELELE INAYOPITA KWENYE WAYA

Wengine wanalalamika juu ya redio na televizio. Hapo muwe waangalifu. Redio ya FM inasikiliza kati ya 88 na 108 MHz, mbali sana na 2,450. Ikilia "zzzz" wakati jiko linawaka, mara nyingi kelele imepita katika waya za umeme.

Jiko lililoandikwa wati 800 linapika kwa wati 800, lakini linakula umeme kupita hapo, karibu wati 1,200 au zaidi. Likianza kazi kwenye waya nyembamba au kwenye jenereta ndogo, umeme unapunguka ghafula. Taa zinafifia, na kompyuta isiyo na betri inaweza kuzimika. Hiyo haina uhusiano na kuvuja kwa mawimbi.

Namna ya kujua ni rahisi. Ondoa redio kwenye umeme, uitie betri, na usiisogeze. Kelele ikiisha, ilitoka kwa waya. Kelele ikibaki, inakuja kwa hewa. Somo hili halina gharama, na kila mtu anaweza kulifanya nyumbani.

7. SIKIO LENYE META 64

Katika Australia, fasi inayoitwa Parkes, kuna antena kubwa ya kusikiliza nyota. Upana wake ni mita 64. Tangu mwaka 1998 antena hiyo ilikuwa ikishika alama fupi za ajabu, zilizofanana na mlio unaotoka mbali sana katika anga. Wataalamu waliziita "peritoni". Walitambua kwamba zinakuja hasa saa za kazi, basi walishuku kwamba zinatoka hapa duniani. Lakini chombo chenyewe hawakukijua.

Mwaka 2015, Emily Petroff na wenzake walipata jibu. Lilikuwa jiko la mikroonde la palepale kituoni! Mtu asiyetaka kungojea kengele alikuwa akivuta mlango wakati jiko lingali linawaka. Magnetroni ikizimika inatoa mlio mfupi wa mwisho, karibu 1,400 MHz, na mlango uliokwisha kufunguka unauacha utoke. Walijaribu kwa makusudi kufungua mlango hivyo, na alama zilirudi.

Tunajifunza nini? Kwamba chombo kimoja kinaweza kupiga kelele kwa antena ya nyota bila kumchoma mtu anayekula chakula chake. Kusumbuliwa kwa chombo si kipimo cha kuumizwa kwa mwili. Na tena, tumalize muda kwanza, kiisha tufungue mlango.

8. HATARI YA KWELI IKO WAPI?

Sasa tunajibu swali la tatu, na tunaomba kila mmoja, zaidi wale wanaopenda ufundi, asikilize: MUSIFUNGUE LILE JIKO LA DEPO.

Tunajua sababu inayowavuta. Transfoma yake ni nzito, ina waya wa shaba, na katika miji yetu mafundi wanaitafuta kwa kutengeneza mashine ya kuchomelea vyuma. Lakini transfoma hiyo inapandisha umeme wa volti 220 hadi karibu volti 2,000, na inaweza kutoa nguvu nyingi. Umeme wa namna hiyo hauna mchezo. Haumtupi mtu na kumwacha, unaweza kumwua mara moja.

Pembeni yake kuna kondensata, ambayo inaweka umeme akiba. Unaweza kuchomoa jiko ukutani, na kondensata ikabaki na umeme ndani. Kwa kawaida kuna kipande kidogo cha kuumaliza polepole, lakini katika jiko lililokufa kipande hicho chaweza kuwa kimekufa pia. "Haina kuran" ni neno ambalo limeshapeleka mafundi wengi makaburini. Tena magnetroni zingine zina kauri ya oksidi ya berili. Ikivunjwa, vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Kwa jiko linalofanya kazi, hatari iko katika mlango. Tazameni mambo haya:

- Mlango umepinda, au haufungi sawasawa: jiko lisitumike.
- Kioo au bati la matundu limepasuka au kuliwa na kutu: lisitumike.
- Jiko linaendelea kuwaka mlango ukiwa wazi: chomoa waya palepale, wala usilirudishe kazini.
- Pembe za mlango zina mafuta na masalio ya chakula: zipanguswe kwa kitambaa na maji ya sabuni, jiko likiwa limechomolewa.
- Mtu asifunge viswichi vya mlango kwa kipande cha waya ili jiko litembee. Huko ni kujipika mwenyewe.

Wengine wanasema: "Weka simu ndani ya jiko lililozimwa, uipige. Ikilia, jiko linavuja vibaya." Kipimo hicho hakifai. Simu nayo ina sikio kali: kidogo kinachopenya kinatosha kuiliza, hata katika jiko zima. Tena simu inaweza kutumia mawimbi ya urefu mwingine. Kipimo cha haki ni mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mkononi mwa fundi anayeijua. Kama hatuna mashine hiyo, na tuna shaka juu ya mlango, jiko likae pembeni.

Komite imekwisha kuomba wakubwa wa shule walifungie lile jiko la zamani kwa ufunguo mpaka fundi wa umeme alichukue, na ruta ikae ofisini ilipohamishiwa. Yote mawili yamekubaliwa. Mwanafunzi akimwona mwenzake na bisibisi kwenye mlango wa depo, asimwache kwa kuogopa kuitwa msaliti. Amwite mwalimu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jiko linavuja miliwati 2 kwa sentimita mraba moja, kwa sentimita 5. Ni ngapi kwa mita 1?
2. Sababu gani mwangaza unapita katika bati la mlango, na mikroonde haipiti?
3. Televizio ya jirani inazimika kila mara jiko linapowashwa. Utafanya jaribio gani ili kujua kama ni mawimbi au ni waya?
4. Mtu anasema chakula cha jiko hili kinabaki na mionzi tumboni. Mujibuni kwa mistari mitatu, kwa upole, bila kumcheka.

Majibu yataandikwa katika namba ijayo. Jibu la swali la 1 ni chini ya miliwati 0.01. Anayepata zaidi ya hapo, aanze hesabu upya.

Kwa niaba ya komite ya wanafunzi,
Kapita wa shule, mwaka wa mwisho